Dalali wa ruzuku anataka asilimia 12 "mkishinda tu": tumlipe?

SWALI: Sisi ni chama kilichosajiliwa Hamburg (e.V.), tunafundisha watoto Kiswahili na ngoma. Tuna wenzetu Chicago, na tunataka vijana watembeleane na kufanya maonyesho ya pamoja. Tumesikia ubalozi wa Marekani na serikali ya Ujerumani hutoa ruzuku za aina hii. Mtu mmoja anasema ana watu wake ubalozini. Atatusajili SAM.gov, tovuti ya serikali ya Marekani ya kusajili waombaji wa ruzuku, kwa euro 650, atatuandikia andiko, kisha achukue asilimia 12 ya ruzuku, tukishinda tu. Mweka hazina wetu anaona hatuna cha kupoteza. Tukubali?

JIBU: Msikubali, wala msianze kumbembeleza apunguze. Kila msimu wa maombi swali hili linarudi, na hoja ni hiyo hiyo ya mweka hazina wenu: tunalipa tukishinda, hasara iko wapi? Hasara iko hapo hapo kwenye ushindi, na ndiyo sababu naanza na asilimia 12 kabla ya zile euro 650.

Ruzuku ya serikali huja ikiwa imeshagawanywa. Kwa Wamarekani bajeti huandikwa kwenye fomu SF-424A kwa mafungu: mishahara, marupurupu, safari, vifaa vikubwa, vifaa vidogo, mikataba, mengineyo, na gharama za uendeshaji. Halipo fungu la aliyewatafutia ruzuku. Kanuni zao, 2 CFR 200, hazilipi gharama za kuchangisha fedha, na matumizi ya kabla ya tarehe ya kuanza mradi hayatambuliwi bila kibali cha maandishi. Basi piga hesabu. Mkipewa dola 20,000, asilimia 12 ni dola 2,400. Zitatoka wapi? Zitatoka kwenye ukumbi, tiketi au posho za wakufunzi, kwa ankara iliyovimbishwa. Dalali analijua hilo tangu siku ya kwanza, ila hawaambii, kwa sababu atakayetia sahihi ankara ile ni mwenyekiti wenu.

Sahihi hiyo ina uzito. Anayesaini fomu kuu ya maombi, SF-424, anathibitisha kwamba maelezo yote ni ya kweli, na fomu yenyewe inataja adhabu za jinai kwa anayedanganya. Nyaraka za matumizi lazima zitunzwe miaka mitatu baada ya taarifa ya mwisho kwa Wamarekani, mitano kwa Wajerumani. Wajerumani wakibatilisha ruzuku, wanadai fedha zao pamoja na riba ya asilimia 5 juu ya kiwango cha msingi kwa mwaka. Kwa wakati huo dalali ameshabadilisha namba ya simu.

Na hao "watu wake ubalozini"? Maombi hupimwa kwa vigezo vilivyochapishwa kwenye tangazo. Sheria ya Marekani inakataza kutumia fedha za shirikisho kumlipa mtu ili ashawishi ruzuku itolewe. Mkiwa na swali la utaratibu, barua pepe ya kuuliza iko kwenye tangazo lenyewe na kila mwombaji ana haki ya kuitumia.

Sasa euro 650. Usajili wa SAM.gov ni bure, kuanzia mwanzo hadi mwisho, na kuuhuisha kila mwaka pia ni bure. Zamani chama kilicho nje ya Marekani kilianza na namba ya NCAGE, inayoombwa bila malipo kupitia tovuti ya wakala wa ugavi wa NATO; tangu 2022 hakiihitaji tena, isipokuwa kinaomba fedha za wizara ya ulinzi ya Marekani. Mnaanza kwa kufungua akaunti ya Login.gov kwa barua pepe ya chama, si ya mtu binafsi, na kupitia hiyo mnaingia SAM.gov. Mkiulizwa mnasajili kwa lengo gani, chagueni ruzuku pekee. Wanaochagua zabuni na ruzuku kwa pamoja wanajitwisha maswali marefu ya wakandarasi yasiyowahusu. Namba ya utambulisho wa asasi, UEI, yenye tarakimu na herufi 12, iliyochukua nafasi ya namba ya zamani ya DUNS Aprili 2022, hutolewa humo humo. Kupata UEI peke yake hakujamaliza usajili, na wengi hukwama hapa: hadi hali ya akaunti isomeke kuwa hai, hamjasajiliwa.

Kinachochelewesha zaidi ni jina na anwani. Vinavyosomeka kwenye daftari la vyama la mahakama ndivyo viandikwe kwenye SAM.gov, herufi kwa herufi, pamoja na ile "e.V." mwishoni. Mkiandika "Straße" huku na "Str." kule, au "ü" huku na "ue" kule, mfumo unaona vyama viwili. Hati za kuthibitisha zisizidi miaka mitano, zionyeshe jina na anwani ya mahali kwa pamoja, na za Kijerumani ziambatane na tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa. Baada ya kuwasilisha, SAM.gov wenyewe wanasema inaweza kuchukua hadi siku 10 za kazi, na hizo hazihesabu muda wa kurudishiwa hati. Anzeni wiki nane kabla ya tarehe ya mwisho.

Kuhusu andiko, maandiko ya madalali hufanana kwa sababu huuzwa lile lile kwa vyama vingi, na maofisa wanaoyasoma ni wale wale. Ruzuku za diplomasia ya umma za ubalozi hudai sehemu ya Kimarekani iliyo wazi: taasisi, mtaalamu au msanii wa Marekani mwenye kazi inayoeleweka ndani ya mradi. Sherehe ya Kiswahili Hamburg yenye bendera ya Marekani ukutani haina sehemu hiyo. Ninyi mnayo tayari. Hamburg ni mji dada wa Chicago tangu 1994 na wa Dar es Salaam tangu 2010, jambo ambalo dalali asiyejua mji wenu hawezi kuliandika. Semeni vijana wangapi, wa umri gani, watafanya nini kila siku, nani Chicago anawapokea, na mtajuaje kwamba lengo limefikiwa. Hesabu ya waliohudhuria peke yake haitoshi. Na kabla ya yote, someni vipaumbele vya tangazo la mwaka huu, maana hubadilika na serikali. Mradi usiogusa kipaumbele hata kimoja hauokolewi na Kiingereza kizuri.

Tiketi ni mtego mwingine. Fedha za shirikisho la Marekani hulipia ndege za mashirika ya Marekani, au za Umoja wa Ulaya chini ya mkataba wa anga huria wa pande hizo mbili. Hamburg hadi Chicago kupitia Frankfurt kwa United au Lufthansa kwa kawaida inakubalika. Tiketi nafuu ya kupitia Istanbul au Doha inaweza kukataliwa nzima, mkailipa mfukoni.

Upande wa Ujerumani kuna Programu ya Transatlantiki inayotokana na mfuko wa ERP, urithi wa Mpango wa Marshall wa 1948, iliyo chini ya wizara ya uchumi ya shirikisho. Kosa kubwa huko ni kuanza mapema. Mkisaini mkataba wa ukumbi au kununua tiketi kabla ya barua ya idhini, bila kibali maalumu cha kuanza mapema, mradi unaweza kupoteza sifa ya kufadhiliwa. Fedha mkishalipwa zitumike ndani ya wiki sita, na taarifa ya matumizi iwasilishwe ndani ya miezi sita baada ya mradi kukamilika. Mnaweza kuomba kote kuwili, ilimradi kila mfadhili aonyeshwe kwenye mpango wa fedha na risiti moja isidaiwe mara mbili.

Kumlipa mwandishi mzuri si kosa. Mlipeni kiasi maalumu kwa kazi iliyofanyika, kutoka fedha zenu wenyewe, mpate au mkose ruzuku. Chama cha waandishi wa ruzuku cha Marekani kinawakataza wanachama wake kuchukua asilimia. Yule wa kwenu hata hili hakuwaambia. Hakuwaambia pia kwamba kuanzia 1 Oktoba 2024 chama kisicho na kiwango cha gharama za uendeshaji kilichokubaliwa na serikali ya Marekani kinaweza kudai hadi asilimia 15 ya gharama za moja kwa moja zinazohesabika kwa ajili ya uendeshaji, kama tangazo halikuweka sharti lingine. Hiyo ndiyo asilimia halali, na inabaki kwenye kodi ya ofisi yenu na mtunza hesabu wenu.

Wasomaji wa Dar, Mombasa na Kampala, haya yanawahusu pia, kwa sababu balozi za Marekani huko nazo hutoa ruzuku kwa utaratibu huu wa SAM.gov. Kwenu tatizo la anwani ni kubwa zaidi: S.L.P. haikubaliki kama anwani ya mahali, na vyeti vingi vya usajili havina nyingine. Tafuteni bili ya umeme au maji, au taarifa ya benki, yenye jina kamili la asasi na mtaa ilipo. Na ujumbe wa WhatsApp unaosema asasi yenu imechaguliwa kupata ruzuku ya Marekani ambayo hamkuiomba, ila mtume kwanza "ada ya kuifungulia", ni wizi, hata kama una nembo ya tai na picha ya balozi. Matangazo ya kweli yako Grants.gov na kwenye tovuti za balozi zinazoishia usembassy.gov.

Kama dalali ameshasajili chama kwa barua pepe yake, yeye ndiye msimamizi wa akaunti, na mwakani atawadai tena ili aihuishe. Andikieni dawati la msaada la SAM.gov, yaani FSD.gov, ambalo ni bure, muombe msimamizi abadilishwe. Watataka barua rasmi ya chama iliyosainiwa na kiongozi anayetambulika. Fanyeni hivyo kabla ya tangazo kutoka, kwa sababu akaunti ikiisha muda katikati ya maombi, ombi linakwama pale lilipo.