Jibu: Kundi linasambaratika kupanda Lushoto

Salaam ndugu. Umesema mkipanda kwa baiskeli kutoka Mombo kwenda Lushoto, wenzako wawili wanaishiwa pumzi kabla hata ya kufika Soni, mji mdogo ulio njiani. Kwanza kagua baiskeli zao: mnyororo unaingia kweli kwenye gia nyepesi kuliko zote? Wa mwenzetu mmoja ulikuwa hauingii, nasi tukamlaumu bure kwamba hana mazoezi.

Ondokeni Mombo alfajiri, joto la bondeni linamaliza mtu mapema. Anayekwenda polepole atangulie, wenye nguvu wamfuate, mkutane Soni. Toka Mombo hadi Lushoto ni kama kilomita 33 tu, msikimbizane.

Mkishuka, msibane breki mfululizo! Niligusa rimu (ringi ya gurudumu, ambayo breki zangu huibana) kwenye kona moja ikaniunguza kidole, na mbele kidogo tyubu ikapasuka. Breki za diski sijazitumia huko.