Kabla ya Kushika Kisu: Kwa Mnaoanza Kliniki ya Fizi

Wadogo zangu mnaoingia kliniki ya fizi, najua wengi wenu mnaisubiri kwa hamu siku ya kwanza ya upasuaji. Kisu kinavutia. Lakini matokeo ya upasuaji wa fizi huanza kuamuliwa wiki nyingi kabla ya ganzi kuchomwa, kwa probu yako (kile kijiti chembamba chenye alama za milimita cha kupimia fizi) na kwa mswaki wa mgonjwa. Hilo ndilo nataka mlishike.

Anzeni na probu. Kila jino lipimwe sehemu sita, tatu upande wa nje na tatu upande wa ndani. Probu iende sambamba na mzizi, itembezwe humo humo ndani ya mfuko, yaani nafasi iliyo kati ya ufizi na jino, kwa hatua ndogondogo, isichomolewe kila mara. Anayechomeka na kuchomoa huikosa ile sehemu nyembamba iliyochimbika kuliko zote. Nguvu inayotakiwa ni ndogo mno, takriban gramu 25: bonyeza probu juu ya mizani ndogo mpaka isome hivyo, rudia mpaka mkono ukariri. Meno mawili yanapogusana, ilaze probu kidogo ili ncha ifike chini ya mgusano. Hapo ndipo wanafunzi husoma milimita 3 palipo na 6.

Kina cha mfuko peke yake hakitoshi. Ufizi uliovimba hupanda juu ya jino na kukupa mfuko wa milimita 5 hata kama hakuna mfupa uliopotea. Ufizi ulioshuka nao hukupa mfuko wa 2 kwenye jino lililokwisha kupoteza sehemu kubwa ya kishikizo chake, yaani tishu zinazolishika mahali pake. Kwa hiyo pima pia kutoka pale enameli inapokutana na mzizi hadi ukingo wa ufizi. Ukingo ukiwa umeshuka milimita 4 na mfuko ni 2, jino limepoteza 6. Upotevu huu, unaosomwa katikati ya meno, ndio msingi wa kupanga hatua ya ugonjwa, I hadi IV, katika mfumo uliochapishwa mwaka 2018. Andika pia kila sehemu inayotoka damu, ila ukumbuke kwamba fizi za mvuta sigara hutoa damu kidogo hata ugonjwa ukiwa umekolea.

Historia ya mgonjwa ichukue vizuri. Kisukari kisichodhibitiwa hupunguza kupona. Nifedipini na amlodipini za presha, na finitoini ya kifafa, zinaweza kukuza fizi. Usikimbilie kuzikata kabla hujawasiliana na daktari aliyeziandika.

Kisha ni kusafisha mizizi, kazi ambayo vijana wengi huidharau. Kyureti za Gracey, vyombo vya mkono vya kukwangulia mizizi, zina nafasi zake kwa namba: kwa meno ya nyuma, 11/12 ni ya upande wa mbele wa jino na 13/14 ni ya upande wa nyuma. Shingo ya mwisho ya kyureti iwe sambamba na uso unaousugua. Na noeni! Kyureti butu haing'oi ukoga mgumu, inaulainisha uso tu, na ukipitisha ncha ya chombo juu yake unahisi mzizi safi kumbe ukoga umebaki pale pale. Kabla ya kuanza, geuza makali chini ya taa: makali butu hurudisha mstari mwembamba wa mwanga, makali yaliyonolewa hayaakisi kitu.

Mgonjwa arudi baada ya wiki kadhaa, kwa kawaida kati ya 6 na 12, upime upya kila sehemu. Ukipima mapema, tishu zinazopona zitakudanganya na pia utaziumiza. Mifuko iliyobaki na milimita 4 au 5 huku ikitoa damu husafishwa tena. Iliyobaki na 6 au zaidi ndiyo ya kufikiria upasuaji. Hata hapo, angalia kwanza utando wa bakteria juu ya meno. Mwaka 1977 Nyman, Lindhe na Rosling walionyesha kwamba wagonjwa waliopasuliwa lakini wakaendelea kuwa na utando waliendelea kupoteza kishikizo, na hilo lilitokea kwa mbinu zote tano walizolinganisha. Mgonjwa asiyeweza kusafisha katikati ya meno yake hajawa tayari, hata kama wewe uko tayari. Kaa naye, mpe kioo, asafishe mbele yako kwa brashi ndogo ya katikati ya meno inayoenea vizuri kwenye nafasi yake.

Siku ya upasuaji ikifika, mkato wa wima usipite katikati ya mzizi wala katikati ya ncha ya ufizi iliyo kati ya meno. Upande wa ulimi wa magego ya chini usiukate wima kabisa, kwa sababu ya neva. Kwenye kaakaa, kumbuka mshipa mkubwa wa damu. Ukishainua ufizi, ondoa kwanza tishu laini zilizojaa kwenye shimo la mfupa. Damu itapungua na utaona mzizi na kuta za shimo. Shimo jembamba lenye kuta tatu za mfupa lina matumaini makubwa ya kujengwa upya kuliko lenye ukuta mmoja. Lowesha ufizi kwa maji ya chumvi, na shona bila kuuvuta.

Mwambieni mgonjwa mapema, kabla hajatia saini: fizi zitashuka, meno yataonekana marefu na yanaweza kusisimka kwa baridi. Nyuzi hutolewa baada ya wiki 1 hadi 2, na wakati huo hapigi mswaki pale palipopasuliwa, anasukutua kwa klorohekisidini, dawa ya kuua vijidudu mdomoni, ambayo inaweza kuacha madoa yanayosafishika. Mpangieni palepale miadi ya matunzo, kila miezi 3 kwa kuanzia. Palipojengwa mfupa, probu isiingie kabla ya miezi 6, hata msimamizi mgeni akikuomba namba.