Apache inajizima, MySQL inagoma: kabla hujasakinisha XAMPP upya, tafuta ombi linafia wapi

Mkuu, nimekusoma. Kwa kifupi, ili na wengine wafuate: una XAMPP (kifurushi chenye seva ya wavuti ya Apache, hifadhidata ya MySQL na lugha ya PHP) kwenye Windows. Apache ilikuwa inawaka kidogo kisha inajizima, ukaambiwa uihamishie poti (mlango wa mtandao) 8080, ikakubali kukaa kijani, lakini ukiandika localhost/duka (localhost ni mashine yako mwenyewe) unatupwa kwenye ukurasa wa IIS, seva ya wavuti ya Windows, unaosema kitu hakipo. MySQL nayo ikaanza kugoma. Umeshafuta na kusakinisha XAMPP mara kadhaa, na sasa kuna mtu kakushauri ufute ibdata1, faili la data la MySQL.

Hilo la ibdata1 usilifanye. Nitaeleza sababu huko chini, ila kama folda yenye faili hilo iko wazi mbele yako, ifunge kwanza.

Nimetengenezea watu wengi mazingira ya kazi kwenye mashine zao, na kinachowapotezea muda karibu kila mara ni kupiga ramli. Mtu anabadilisha poti, anabadilisha php.ini (mipangilio ya PHP), anazima antivirusi, anasakinisha upya, yote kwa mkupuo mmoja. Ikikubali hajui kilichoponya, na ikikataa hajui ameongeza tatizo gani jipya.

Ombi lako la kufungua ukurasa lina safari inayojulikana. Brauza inageuza jina kuwa anwani, inagonga poti, programu iliyoishika poti hiyo inapokea, inachagua tovuti, inatafuta faili, inamkabidhi PHP, na PHP inaongea na MySQL. Kila kituo kina lugha yake ya kulalamika. "Connection refused" maana yake kwenye poti hiyo hakuna anayesikiliza, kwa hiyo kodi yako ya programu haihusiki kabisa, usiiguse. 403 maana yake seva imekusikia na imekataa kukupa. Ukipata 404, umefika ila kitu ulichoomba hakipo pale ulipoelekezwa. 500 mara nyingi ni .htaccess (faili la maagizo ya Apache ndani ya folda ya tovuti) au kodi iliyoanguka njiani. Na ukiona "Access denied for user", shangilia kidogo, maana umeshafika mpaka kwenye hifadhidata na kilichobaki ni jina na nenosiri tu.

Sasa rudi kwenye ule ukurasa wa IIS. Umeuchukulia kama kero, kumbe ndio jibu lenyewe: ombi lilifika salama, ila lilipokelewa na seva nyingine. Poti 80 ina mwenyewe. Kusakinisha XAMPP upya hapo ni sawa na kubadilisha kitasa wakati mtu yuko ndani.

Fungua dirisha la amri kama msimamizi, uandike:

netstat -ano | findstr :80

Itakuletea na 8080 na nyingine zinazoanza hivyo, zipuuze. Unatafuta mstari wa namna hii:

TCP    0.0.0.0:80    0.0.0.0:0    LISTENING    4

Namba ya mwisho ndiyo PID, yaani kitambulisho cha programu iliyoishika poti. Ikiwa 4, Task Manager itakuonyesha jina "System", na hapo ndipo watu wanaanza kuhisi virusi. Si virusi. Ni HTTP.sys, sehemu ya Windows yenyewe inayopokea maombi ya wavuti kwa niaba ya huduma nyingine, na IIS ni mojawapo. Usijaribu kuiua kwenye Task Manager. Andika netsh http show servicestate uone ni nani anayeitumia, na kama ni IIS, ingia services.msc, tafuta World Wide Web Publishing Service, isimamishe, na pale kwenye namna ya kuanza weka Manual ili isirudi yenyewe kila ukiwasha kompyuta. Ila kama IIS unaihitaji kwa kazi nyingine, iache ilivyo, ubaki na 8080. Wala hakuna aibu kutumia 8080, mimi mwenyewe ndiyo ninayoipendelea.

PID ikiwa namba nyingine, tuseme 5120, andika tasklist /fi "pid eq 5120" utapata jina la mhusika.

Kuna kitu wengi wanakiruka hapa. Apache ya XAMPP haishiki poti 80 peke yake, inashika na 443 kupitia faili la httpd-ssl.conf. Unaweza kubadilisha "Listen 80" kuwa "Listen 8080" kwenye httpd.conf na bado ikajizima kwa sababu 443 imeshikwa na programu nyingine. Matoleo ya zamani ya VMware Workstation yalikuwa na tabia hiyo. Kwa hiyo pima zote mbili.

Na usitegemee maelezo ya ile paneli ya XAMPP. "Apache shutdown unexpectedly" inafuatwa na orodha ya kila sababu inayoweza kufikirika, kwa hiyo haikusaidii chochote. Nenda C:\xampp\apache\bin kwa dirisha la amri, uandike httpd -t. Hiyo inakagua mafaili ya mipangilio bila kuiwasha seva. Kama kuna herufi uliyoikosea, itakutajia faili na namba ya mstari. Ikisema "Syntax OK", andika httpd peke yake, na kilio chake kitatokea hapo hapo kwenye skrini. Ukiona 10048 mbele ya maneno "could not bind to address", poti imeshikwa na mwingine. Ukiona 10013, Windows yenyewe imekukatalia ruhusa. Hii ya pili inasumbua kwa sababu wakati mwingine netstat haionyeshi mtu yeyote kwenye poti hiyo. Kwenye mashine zenye Hyper-V, WSL 2 au Docker (zana za kuendesha mifumo mingine ndani ya Windows), Windows hutenga mafungu ya poti na kuyazuia. Yaangalie hivi:

netsh interface ipv4 show excludedportrange protocol=tcp

Poti yako ikiangukia ndani ya fungu mojawapo, chagua nyingine iliyo nje. Nimeona watu wakihangaika na poti 3000 au 5000 siku nzima na jibu limekaa kwenye orodha hiyo. (Wenye Mac nao wana ya kwao: tangu macOS Monterey, AirPlay Receiver hushika poti 5000, ndiyo maana Flask, zana ya wavuti ya Python, inagoma kwenye mashine mpya.)

Tuje kwenye 8080 yako. Apache ikishahamia huko, anwani lazima iseme hivyo: http://localhost:8080/duka. Ukiandika localhost/duka bila namba, brauza inaenda 80, na 80 ni ya IIS, ndiyo maana unakutana nayo. Hujaharibu kitu. Kama duka lako ni WordPress, kuna mtego zaidi: anwani ya tovuti imehifadhiwa kwenye jedwali la wp_options, safu za siteurl na home. Ukifungua na 8080, WordPress inasoma anwani ya zamani na kukurudisha kwenye localhost bila poti. Weka WP_HOME na WP_SITEURL ndani ya wp-config.php zikiwa na 8080, kisha jaribu kwenye dirisha la faragha la brauza, kwa sababu uhamisho wa aina ya 301 brauza huukariri na itaendelea kukutupa kule kule hata baada ya kurekebisha. Ukitaka ukweli bila brauza kuingilia, kwenye dirisha la amri curl -I http://localhost:8080/duka/ itakuonyesha seva inajibu nini hasa.

Umeuliza pia kama utumie jina kama duka.dev. Tumia duka.test. Jina la .test limetengwa rasmi kwa majaribio tangu 1999 na halitauzwa kwa mtu. Jina la .dev ni la Google, na tangu Chrome 63 ya mwisho wa 2017 brauza inalilazimisha kupita kwenye HTTPS. Utabaki unalaumu Apache bure.

Kwenye faili la hosts, ambalo liko C:\Windows\System32\drivers\etc, ongeza mstari 127.0.0.1 duka.test. Notepad ifunguliwe kama msimamizi, la sivyo haitakubali kuhifadhi, au itakuhifadhia hosts.txt pembeni. Kuna jamaa mmoja kazini alikuwa na mipangilio safi kabisa ya Apache, kila mstari mahali pake, na jina halifunguki. Tulipowasha kuonyesha viambishi vya mafaili, tukaona mafaili mawili yamekaa jirani: hosts na hosts.txt, na mstari wake ulikuwa kwenye la pili. Ping duka.test kabla ya kugusa Apache. Isipojibu 127.0.0.1, tatizo bado liko kwenye jina.

Jina likikubali, hakikisha kwenye httpd.conf mstari wa Include unaoita httpd-vhosts.conf hauna alama ya reli (#) mbele yake. Jua pia kwamba Apache ikikosa tovuti inayolingana na jina ulilotaja, inakupa ile ya kwanza kwenye orodha. Ukiona duka.test inafungua projekti nyingine, ndiyo hiyo. Ukiongeza tovuti yako ya kwanza huko, weka na ya localhost, la sivyo localhost nayo itaanza kufungua duka. Ukikutana na 403, angalia kama umenakili maelekezo ya zamani yenye "Order allow,deny". Hayo ni ya Apache 2.2. Tangu 2.4 tunaandika "Require all granted" ndani ya Directory. Na kama ukurasa wa mwanzo unafunguka lakini kurasa za ndani zote ni 404, hiyo ni .htaccess isiyosomwa: AllowOverride iwe All, na moduli ya mod_rewrite iwe imewashwa.

PHP nitapita haraka. Ukiona kodi yenyewe inamwagika kwenye ukurasa, tazama juu kwenye anwani. Ikianza na file:/// umefungua faili kwa kulibofya mara mbili, halijapitia seva. Na ukiwasha kiendelezi kwenye php.ini bila mabadiliko kuonekana, inawezekana umehariri php.ini isiyotumika. Amri ya php --ini inataja ile ya dirisha la amri, phpinfo() ndani ya brauza inataja ile ya Apache, na si lazima ziwe moja. Ukishahariri ile sahihi, zima Apache uiwashe.

Sasa MySQL, ambapo kuna kitu cha kupoteza. Apache ukiiharibu, unapoteza mipangilio. Ukiharibu folda ya data, unapoteza kazi. Kwa hiyo hatua ya kwanza, MySQL ikiwa imezimwa, nakili folda nzima ya C:\xampp\mysql\data ukaiweke pengine. Nzima. Usichague mafaili.

Ndani yake kuna folda kwa kila hifadhidata, na watu hudhani wakibeba folda zao tu wamebeba kila kitu. Kwa majedwali ya InnoDB, injini ya kawaida ya MySQL ya kuhifadhi data, si hivyo. Ibdata1 ina kumbukumbu ya majedwali yote yaliyopo. Ukiifuta, MySQL inaweza kuwaka vizuri tu, kijani kabisa, majina ya majedwali unayaona kwenye phpMyAdmin, ukilifungua moja unaambiwa "doesn't exist in engine". Ndiyo maana ushauri ule ni hatari: unaonekana umefanya kazi.

Ukishanakili, fungua mysql_error.log humo humo kwenye data, usome mistari ya mwisho. Ikilalamikia poti 3306, kuna MySQL nyingine kwenye mashine, mara nyingi uliisakinisha peke yake zamani na inaanza kama huduma. Isimamishe kwenye services.msc, basi. Ikisema "Aria recovery failed", mashine ilizimika ghafla MySQL ikiwa inafanya kazi, na ujumbe wenyewe unakuelekeza la kufanya: endesha aria_chk -r kwenye majedwali ya Aria (injini nyingine ya kuhifadhi data), kisha ondoa mafaili yanayoanza na aria_log. Mimi huyahamisha, siyafuti. Ikilia kuhusu InnoDB, weka innodb_force_recovery = 1 kwenye my.ini (mipangilio ya MySQL), iwashe, toa data yako yote kwa amri ya mysqldump, kisha uondoe mstari huo. Namba hiyo inapanda hadi 6, lakini kuanzia 4 unaweza kuharibu data moja kwa moja, kwa hiyo usirukie juu kwa pupa.

PHP ikikataa kuunganika na MySQL ambayo unaiona imewaka, angalia poti kwenye mipangilio ya projekti. Kwa wenye Linux na Mac, "localhost" humfanya PHP apite kwenye faili la soketi, na "127.0.0.1" humpitisha kwenye poti, hivyo moja inaweza kukubali na nyingine ikagoma kwa "No such file or directory". Wa Docker: ndani ya kontena, localhost ni kontena lenyewe, tumia jina la huduma ya hifadhidata.

Kwa mpangilio wako, anza hivi: nakili folda ya data, soma mysql_error.log, halafu amua kati ya kuisimamisha IIS au kubaki 8080, si vyote viwili. Ukikwama, usilete picha ya ile paneli. Leta matokeo ya netstat ya 80, 443 na 3306, alichosema httpd -t, na mistari kama ishirini ya mwisho ya mysql_error.log. Nenosiri likionekana humo, lifute kwanza.