Iachie sindano njia yake

Foronya yangu ya kwanza kuuza ilirudi baada ya wiki mbili. Mama aliyeinunua alikuja nayo amekunja ndani ya kanga, akaikunjua mezani bila kusema neno. Kasuku niliyemchora kwa siku mbili nzima alikuwa amebaki na bawa moja. Lile jingine lilikuwa limeondoka na maji ya kufulia. Nikamrudishia hela yake, na ile foronya nikaitundika juu ya cherehani. Bado ipo.

Naandika haya kwa sababu wengi wananiuliza: nachora kidogo, nashona kidogo, nifanyeje niviunganishe vilete hela? Sina shule ya mambo haya. Nina makosa tu, tena mengi.

Kabla ya cherehani nilikuwa nachora vipicha vya kuwauzia watalii, kwa mtindo ule aliouanzisha Edward Saidi Tingatinga hapa Dar es Salaam mwaka 1968, rangi za mafuta zinazong'aa juu ya ubao. Nilipohamia kwenye vitambaa nikadhani kitambaa ni ubao unaokunjika. Nikapaka rangi zile zile. Zikikauka zinakuwa ngozi: ukikunja zinapasuka, harufu haitoki, na ole wako ukizigusisha na pasi. Kama una makopo ya rangi za mafuta nyumbani, yaache yachore ubao.

Kasuku wa bawa moja, lakini, nilimchora kwa rangi halisi ya kitambaa. Kosa lake lilikuwa jingine, tena mara mbili. Kwanza, kitambaa sikukifua. Kitambaa kipya kinatoka dukani na wanga, ndiyo maana kinasimama vizuri mkononi. Ukipaka rangi juu ya wanga, rangi imeshika wanga, haijashika uzi. Wanga ukitoka, imetoka nayo. Pili, nilikuwa na haraka ya kuuza, sikukipiga pasi. Rangi nyingi za kitambaa zinahitaji joto ili zishike: unaiacha ikauke siku nzima, kisha unageuza kitambaa, unapiga pasi kavu isiyo na mvuke kwa dakika kadhaa kila sehemu, kama kopo linavyoelekeza. Umeme ukikatika nikashika pasi ya mkaa, na hapo nina funzo jingine dogo: weka kitambaa cha zamani juu ya kazi yako, maana cheche moja inatosha kuufanya mto uwe dekio.

Siku hizi nachorea kwenye marekani. Jina hilo lina historia yake. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Salem, huko Massachusetts, walikuwa wanaleta Zanzibar pamba isiyopaushwa, na watu wakaiita kwa jina la ilikotoka. Mimi naipenda kwa sababu ni pamba tupu na rangi yake ya maziwa inaacha mchoro upumue. Nikirudi nayo kutoka Mtaa wa Uhuru nakata kipande cha sentimita 30 kwa 30, nakifua kwa maji ya moto, nakianika, nakipima tena. Kikirudi 28, najua jora zima litafanya hivyo hivyo, na silikati mpaka nilifue. Kitenge nacho nakijaribu kwa kiberiti. Chomoa uzi mmoja uuwashe: pamba inaungua kama karatasi na kuacha majivu, lakini ukiona umejikunja ukawa kitone kigumu cheusi, hiyo ni plastiki, na chini ya pasi ya moto itakuaibisha. Kanga nyekundu loweka na kufua mpaka maji yatoke meupe, vinginevyo kasuku wako atavaa waridi.

Kuhusu rangi zenyewe, vile vikopo vidogo vya maduka ya vifaa vya sanaa vilinifilisi. Nenda kwa wanaouza rangi za kuchapia fulana. Zinapimwa kwa kilo, na ukinunua nyekundu, njano, buluu, nyeusi na nyeupe, zilizobaki unachanganya mwenyewe.

Sasa nije kwenye kile ambacho laiti ningeambiwa mapema.

Mfarishi wangu wa kwanza wa viraka niliuchora wote. Mita mbili na zaidi za marekani, samaki, mashua, minazi, hakuna pahala pa kuweka kidole pasipo na rangi. Kisha nikaukata vipande ili niviunge upya. Nikampelekea wifi yangu, ambaye ameshona miaka mingi kwa cherehani ya kukanyaga. Alishona mshono mmoja, sindano ikakatika. Akaweka nyingine, uzi ukaanza kuchambuka. Akafumua aone kulikoni, na matundu yakabaki pale pale yanatutazama, kwa sababu pamba ikitobolewa inajifunga lakini rangi haijifungi. Akanirudishia. "Wifi, umenipa turubai, si kitambaa."

Kisha akachukua chaki, akachora mraba katikati ya kipande kisafi cha marekani, akasema chora humu ndani tu, nje ya hapa ni pangu. Biashara yangu yote leo imesimama juu ya ule mraba.

Kwa hiyo naanza na karatasi, siyo na brashi. Naamua kwanza mishono itapita wapi, naihamishia kwenye kitambaa kwa chaki, halafu nachora ndani yake na kuacha inchi moja tupu pande zote. Nusu inchi inaliwa na mshono, nusu nyingine inampa ndege nafasi ya kusimama. Pembeni naunga vipande vya kitenge au kanga. Hapo ndipo utagundua kwamba huhitaji kuchora sana! Kitenge tayari kina kelele zake. Mchoro mmoja mtulivu katikati ya vitenge viwili unauzika kuliko mchoro uliojaa uliozungukwa na vitu vilivyojaa. Mimi mwenyewe nilichelewa kulikubali hili, mchoraji hapendi kuambiwa apunguze.

Pindo la kanga linatoa vipande vizuri sana vya kuzungushia. Na usilitupe jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa kwenye kanga. Nilikuwa nalikata na kulifanya bitana, mpaka siku moja mteja akafungua kipochi akakuta ndani pameandikwa "Wema hauozi," akacheka peke yake, akanunua vitatu. Tangu hapo jina nalipanga kwa makusudi, ndani, mahali mtu atakapolikuta baadaye.

Ukishaunga uso wa juu, unaweka tabaka la kati na bitana chini. Katikati natumia blanketi jepesi la mtumba lililofuliwa. Ni rahisi, na halisogei kama sponji. Piga bandi kwa uzi mrefu tabaka zote tatu, ukianzia katikati kwenda nje, la sivyo mikunjo itajikusanya kwenye kona moja na huna pa kuipeleka. Vikwasi pia vinafaa, lakini visichomwe kwenye rangi. Kisha sindano namba 14, mpya, na mshono mrefu kidogo kuliko wa nguo. Mimi nazungusha mshono kuufuata mwili wa ndege, nyuzi mbili tatu hivi nje ya rangi, siyo juu yake. Blanketi linajaa ndani, ndege anavimba kama anavuta pumzi. Watu hunyoosha kidole wamguse kabla hawajauliza bei, na mtu akishagusa, nusu ya kazi imeisha.

Ikibidi mshono upite juu ya rangi, kwa mfano unataka mstari wa bahari ukatize mashua, weka karatasi nyembamba juu ya mchoro ushone nayo. Mguu wa cherehani hautanata, na karatasi unaichana ukimaliza.

Bei. Hapa wenzangu wengi tunaumia kimya kimya. Mkoba wangu wa kwanza niliuuza 15,000. Marekani 2,500, vipande vya kitenge 4,000, bitana 2,500, zipu 1,000, uzi na rangi 2,000. Jumla 12,000. Kuchora saa mbili, kushona saa tatu. Kwa hiyo nilifanya kazi saa tano kwa shilingi 3,000, yaani mia sita kwa saa, na nilikuwa naringa kwamba mikoba inakwisha! Lazima iishe, nilikuwa nagawa.

Sikupandisha bei peke yake, nilipunguza saa pia. Siku ya kuchora ni ya kuchora tu, mikoba kumi kwa mpigo. Umbo la ndege nimelikata kwenye filamu ya zamani ya eksirei, nagonga rangi kwa kipande cha sponji ya godoro, halafu macho, manyoya na mdomo namalizia kwa brashi, kila mmoja kivyake. Siku ya pasi, pasi tu. Mkoba mmoja sasa unanila saa tatu na nauuza 30,000. Piga hesabu mwenyewe. Wapo wanaoondoka wakisema ghali. Sijamkimbilia hata mmoja.

Vinavyotoka haraka ni vidogo: vipochi, foronya za mito ya kochi, vishikio vya sufuria, mikoba. Banda la peke yako kwenye maonesho ya biashara ya Sabasaba si la kuanzia, tafuta wenzako watatu mgawane meza, au uliza SIDO, shirika la viwanda vidogo, kuhusu mafunzo na maonesho yao ya wajasiriamali. Picha za simu piga asubuhi karibu na dirisha. Na kila kitu kitoke na kikaratasi kilichoshonewa: geuza ndani nje, fua kwa maji baridi, usitie jiki. Yule mama wa kasuku hakuambiwa lolote na mimi, na ningemwambia pengine angalau angebaki na mabawa mawili.

Mifarishi mikubwa naishona kwa oda tu, nusu ya hela mkononi kabla sijakata kitambaa. Na kuanzia mwezi wa tatu masika yakiingia siipokei kabisa, hata mteja abembeleze vipi, kwa sababu rangi inakaa siku tatu ikiwa na unyevu, blanketi linanuka ukungu, na umeme wa kupigia pasi nao unakuwa na mambo yake. Miezi hiyo nakata viraka na kuvipanga kwenye maboksi. Jua likirudi, nachora.