Ukitaka kuyafurahia macheo kileleni, fika ukiwa mkavu

Watu wakiniuliza kuhusu kupanda mlima usiku, swali la kwanza huwa ni kama njia ni ngumu na kama miguu yao itaweza. Ni maswali ya haki. Lakini kwa niliyoyaona huko juu, wanaokosa raha ya macheo mara nyingi si wenye miguu dhaifu. Ni wale walioanza kwa kasi, wakatokwa na jasho, wakafika mapema mno, kisha wakakaa gizani kwenye upepo na fulana imewagandia mgongoni. Jua linapochomoza, wenzao wanashangilia, wao wanatetemeka na kuuliza tunashuka saa ngapi.

Ndiyo maana ushauri wangu ni kwamba usiku mzima upangwe kwa lengo moja: ufike kwa wakati, na ufike ukiwa mkavu.

Kwanza saa. Karibu na ikweta, weupe wa mwanzo kabisa upande wa mashariki huanza kujitokeza saa moja na dakika kumi hivi kabla ya jua lenyewe. Mwanzoni ni hafifu sana, unaweza kudhani macho yanakudanganya. Dakika 20 hivi za mwisho ndipo mwanga unatosha kuona njia bila tochi. Ukienda mbali na ikweta, kipindi hicho hurefuka, kwa kuwa jua hupanda kwa mshazari badala ya kupanda wima. Kwangu mimi, dakika hizo za kabla ya jua ndizo zinazostahili safari yote. Buluu nzito inageuka zambarau, kisha rangi ya chungwa inatambaa kwenye upeo, mabonde yanaanza kuonekana moja moja. Jua likishatoka, mwanga unakuwa mkali haraka na rangi zinafifia. Anayepiga hesabu ya kufika jua linapochomoza amepitwa na sehemu nzuri zaidi.

Basi piga hesabu ya kufika nusu saa hivi kabla. Isiwe saa moja na nusu kabla, maana mtasubiri katika saa za baridi kali kuliko zote: ardhi hupoteza joto usiku kucha na huendelea kulipoteza hadi jua lianze kuipasha. Jambo jingine ambalo wengi hulisahau ni kwamba saa ya macheo unayoisoma kwenye simu ni ya mtu aliyesimama usawa wa upeo. Wewe uliye juu unaona mbali zaidi, ukingo wa dunia uko chini yako kidogo, kwa hiyo jua unaliona mapema. Kwenye mita 3,000, karibu na ikweta na upeo ukiwa wazi, tofauti hufika dakika sita hivi. Si nyingi, ila zinatosha kukukuta bado unahema hatua chache chini ya kilele.

Ili kujua mwondoke saa ngapi, kuna kanuni ya zamani ya Mskoti William Naismith, aliyoitoa mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5 hivi za njia, ongeza saa moja kwa kila mita 600 hivi za kupanda. Tuseme njia ni kilomita 6 na mnapanda mita 900. Hiyo ni saa moja na dakika 12, jumlisha saa moja na nusu, jumla saa mbili na dakika 42. Lakini Naismith alikuwa akimfikiria mtu mkakamavu, mchana, bila kupumzika. Kwa usiku mimi huongeza nusu ya muda huo, na hapo inakuja saa nne. Jua likichomoza saa kumi na mbili na robo, mnataka kuwa juu saa kumi na mbili kasoro robo, kwa hiyo mnaondoka saa nane kasoro robo usiku.

Kwenye milima mirefu hesabu hii haifai. Kutoka kambi ya Kibo Hut, mita 4,720, hadi kilele cha Uhuru cha Kilimanjaro, mita 5,895, Naismith angekupa saa tatu na ushee. Watu huondoka kama saa sita usiku na kutumia saa sita, saba, hata nane, kwa sababu kule juu shinikizo la hewa ni nusu hivi ya lile la pwani. Na kwenye milima yenye watu wengi, kama Fuji kule Japani au Sri Pada kule Sri Lanka, msongamano karibu na kilele ndio unaoamua mwendo wenu. Kwa hiyo hesabu yako iwe ya kukusaidia kuelewa tu. Saa ya kuondoka mwachie kiongozi wa mlima, anayeijua njia yake.

Sasa huo ukavu. Joto hupungua kwa nyuzi 6.5 hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda, kabla hujahesabu upepo. Mtu anasikia hivyo, anavaa kila alichonacho tangu chini, na baada ya nusu saa ya kupanda mwili unawaka. Ondoka ukiwa unahisi ubaridi kidogo. Kweli kabisa: ukiwa na joto la kustarehesha pale mnapoanzia, umevaa kupita kiasi. Fulana ya ndani isiwe ya pamba, kwa sababu pamba hunywa jasho na kukauka polepole. Ya sufu au ya nailoni ni bora zaidi. Juu yake weka sweta jepesi, na jaketi la kuzuia upepo liwe mahali pa kulifikia bila kufungua begi zima.

Halafu tumia zipu. Nilijifunza hili kwa kumtazama kiongozi mmoja aliyekuwa akitembea mbele yangu, ndani ya duara la tochi yangu. Kila njia ilipokuwa kali mkono wake ulipanda shingoni na kuteremsha zipu sentimita chache. Tukifika kwenye ukingo penye upepo, zipu inarudi juu. Hakusimama hata mara moja kufanya hivyo. Tulipofika kileleni, mgongo wake ulikuwa mkavu kabisa, na baadhi yetu mivuke ilikuwa inatoka mabegani. Mkifika, kabla hujatoa simu kupiga picha, badilisha fulana. Ndiyo, kwenye baridi hiyo hiyo, haraka haraka, kisha vaa kila nguo uliyobeba. Fulana moja kavu kwenye mfuko wa plastiki haina uzito wowote, na sijui kitu kingine cha kubeba kinachorudisha faida kubwa kiasi hicho.

Mwendo nao ni sehemu ya ukavu. Kama huwezi kuongea sentensi nzima bila kukatika pumzi, mnakwenda haraka mno, na una haki ya kusema. Sema mapema. Kiongozi mzuri hatakasirika, kwa kuwa kupunguza mwendo saa nane usiku ni rahisi kuliko kumsaidia mtu aliyeishiwa nguvu saa kumi na moja.

Kuhusu tochi sitasema mengi. Iwe ya kichwani, mikono ibaki huru. Betri ziwe mpya na za akiba ziwe mfuko wa ndani karibu na mwili, pamoja na simu, kwa sababu baridi hupunguza nguvu za betri. Mwanga uelekeze miguuni. Macho huhitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza vizuri, na mtu mmoja anayegeuka kukumulika usoni anakuharibia yote kwa sekunde moja. Kama tochi yako ina taa nyekundu, itumie mnapopumzika.

Hapa niongeze kitu nje ya mada kidogo: angalia kalenda ya mwezi. Mwezi mpevu huchomoza karibu na machweo na kutua karibu na macheo, kwa hiyo unawaangazia usiku kucha, na kwenye njia nyeupe ya mawe unaweza kutembea mwendo mrefu na tochi imezimwa. Mwezi mchanga hutua mapema, haukusaidii kwa safari ya saa nane. Lakini usiku usio na mwezi nao una neema yake. Nyota unazoziona ukiwa juu ya mawingu na mbali na taa za miji ni nyingi kiasi kwamba hata kundi la nyota la Kilimia kulitafuta kunachukua muda.

Kumchagua kiongozi ni jambo la kutolifanyia haraka. Watu huuliza bei na saa ya kuondoka, basi. Mimi huuliza maswali mawili ambayo majibu yake yananieleza karibu kila kitu. La kwanza: mmoja wetu akishindwa katikati ya njia, nani anashuka naye? Kama kundi lina kiongozi mmoja tu, jibu la kweli ni kwamba ama wote mnashuka, ama mtu anaachwa akae peke yake gizani hadi mrudi. Hilo la mtu kuachwa usilikubali hata kama anasema ni dakika chache. Swali la pili: ni mambo gani yatakufanya utugeuze? Anayejibu kwamba hajawahi kugeuza watu ananitia wasiwasi. Ninayemwamini ni yule anayetaja radi, mvua inayofanya mawe yateleze, upepo uliozidi, au saa fulani ambayo kama hamjafika sehemu fulani basi mnarudi. Na akisema turudi, turudi, bila kumshawishi kwa maneno ya tumetoka mbali. Gizani yeye anasoma vitu ambavyo wewe huvioni.

Zaidi ya mita 2,500, kuna ugonjwa wa kimo, yaani ule unaoletwa na kuwa juu sana. Huanza kwa kuumwa kichwa, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, uchovu usioelezeka. Haumchagui mzembe, hata mwanariadha unampata. Usiku una hatari yake ya ziada: humwoni mwenzako uso. Mchana ungeona midomo imebadilika rangi au macho yamelegea. Usiku unaona tochi tu ikisogea. Kwa hiyo ongeeni. Muulize mwenzako kitu kinachohitaji jibu refu, si “uko sawa?” ambayo kila mtu hujibu “niko sawa.” Akianza kujibu mambo yasiyoeleweka, akiyumba kama mlevi, akishindwa kutembea kisigino kwa kidole kwenye mstari ulionyooka, au akihema hata akiwa amekaa, hakuna cha kusubiri jua. Anashushwa saa hiyo hiyo, na hashuki peke yake. Macheo yapo kesho na keshokutwa.

Kula kabla ya kuondoka hata kama huna njaa, na kula kidogo kidogo njiani. Baridi inamfanya mtu asahau kiu, kwa hiyo kunywa kila mnaposimama. Mahali ambapo joto hushuka chini ya sifuri, weka chupa kichwa chini: maji huanza kuganda juu, na mdomo wa chupa ukiwa chini utabaki wazi.

Mkiwa juu, tafuta mahali penye kinga nyuma ya mwamba, mbali na ukingo, maana watu husogea bila kuangalia pindi rangi zinapoanza. Usilitazame jua moja kwa moja likishatoka, wala kupitia kioo cha kuchungulia cha kamera. Na wakati kila mtu ameelekea mashariki, geuka magharibi. Kama mlima umesimama peke yake na hewa ina ukungu kidogo, utaona kivuli chake kimelala juu ya mawingu na nchi, kirefu ajabu, chenye umbo la pembetatu iliyochongoka. Kilele hata kikiwa bapa, kivuli huonekana kimechongoka, kwa sababu kingo zake ni ndefu mno na macho huziona zikikutana mbali, kama reli. Kila jua linavyopanda kivuli kinafupika kuja kwenu. Wengi hushuka bila kujua kilikuwa nyuma yao.

Kushuka ndiko kunakohitaji heshima zaidi, na ndiko kunakodharauliwa. Umekesha, miguu imechoka, shauku imekwisha, na changarawe iliyokuwa imeshikana kwa baridi sasa inalegea. Kaza kamba za viatu upya kabla ya kuanza, ili vidole visigonge mbele. Fimbo mbili zitapunguzia magoti mzigo. Vua nguo mapema jua linapoanza kupasha, na paka mafuta ya kukinga jua, kwani miale ni mikali zaidi juu huko hata hewa ikiwa baridi.

Jambo la mwisho ni la kupanga siku nyingi kabla, si asubuhi hiyo. Tafuta mahali pa kulala karibu na mguu wa mlima, au mtu aliyelala usiku huo awaendeshe kurudi. Asiyelala tangu jana asubuhi hapaswi kushika usukani, hata kama anahisi yuko macho kwa furaha ya alichokiona. Furaha hiyo huisha baada ya kama nusu saa kwenye kiti chenye joto, na usingizi humchukua bila kubisha hodi. Laleni kwanza, hata saa tatu tu, ndipo muanze safari ya kurudi.