Mlima wangu unaonekana umebandikwa

SWALI: Shikamoo Mzee. Nachora Kilimanjaro na kuwauzia watalii hapa Moshi mjini. Kila mara mlima wangu unakuwa kama umebandikwa juu ya migomba. Mgeni mmoja kutoka Ubelgiji ameniambia kuna Karel van Mander aliyelifundisha jambo hili zamani. Alisema nini?
Mchoraji, Majengo

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ugonjwa wako naujua. Ujanani nilichora Kibo kwenye ukuta wa baa moja, nikauzungushia mstari mweusi tii. Mwenye baa akatazama weee, akauliza hicho kichuguu cha nini. Akanilipa nusu.

Van Mander alikuwa mchoraji na mwandishi, aliyezaliwa Meulebeke, Flanders, ambayo leo iko Ubelgiji, mwaka 1548. Vita vikamkimbiza hadi Haarlem, Uholanzi, na huko ndiko kitabu chake, Het Schilder-Boeck, yaani Kitabu cha Wachoraji, kilikotoka mwaka 1604. Sehemu ya kwanza ni somo la uchoraji kwa vijana, sura 14, lote kwa mashairi ya beti za mishororo minane. Sisi tuliolelewa kwa tenzi hatushangai.

Sura ya 8 ndiyo yako. Anawahimiza vijana waamke alfajiri, watoke nje ya lango la mji, watazame nchi ya mbali inavyoanza kufanana na hewa, hata milima ya mawe matupu ukaidhania mawingu yanayotembea. Ile buluu unayoiona kwenye miteremko si ya mlima, ni ya hewa iliyo kati yako na mlima. Basi chota rangi ileile uliyopaka angani, ichanganye na ya mlima. Mstari mweusi achana nao kabisa.

Migomba je? Hiyo ikaze. Anataka sehemu ya mbele ichorwe kwa nguvu, tena pawekwe kitu kikubwa, ili ya nyuma yasogee nyuma. Mfano anaoutoa ni mchoraji Bruegel. Huyo ndiye anayesimuliwa katika kitabu hichohicho kwamba alipopita Alps, safu ya milima ya Ulaya, aliimeza milima na majabali, akafika nyumbani akaitapika kwenye kanvasi na mbao. Nalipenda sana neno hilo, kutapika, ingawa mke wangu hataki nilitaje mezani.

Wewe Alps yako iko dirishani. Kesho saa kumi na mbili asubuhi, kabla wingu halijaufunika, nenda kasimame barabara ya TPC. Brashi iache nyumbani. Utaishika ukisharudi Majengo.