Diwani (kitabu cha mashairi) ya kusoma na mtoto

SWALI: Shikamoo mama mhariri, nipo Igoma hapa Mwanza, binti yangu wa darasa la tatu anapenda mashairi kuliko katuni, nimnunulie diwani gani ambayo na mimi ntafaidi?

JIBU: Marahaba mwanangu, hongera sana. Anza na tenzi, yaani mashairi marefu yenye mistari mifupi, maana ubeti una vipande 4 tu, mizani (silabi) 8 kila kimoja, mtoto anaweza. Utenzi wa Hati, Shaaban Robert alimtungia binti yake, lugha nyepesi na mzazi lazima ukuguse. Mwana Kupona, mshairi wa kike wa zamani, naye alimtungia bintiye utenzi mwaka 1858, ila ule ni Kiamu jamani, yaani Kiswahili cha Lamu, tafuta kitabu chenye maelezo. Halafu msisome kimyakimya, imbeni, pigeni makofi, ukikaribia kina, ile silabi ya mwisho inayojirudia, nyamaza amalizie mwenyewe.